Nusu Yangu ya Daraja

Muggenwiede, 3 Oktoba 1958

Bwana Mkaguzi Wolter Doze,

Barua hii itapanda boti ya posta hadi mjini, itapigwa muhuri, itarudi kesho kutwa, na Lubbert wa posta atakuletea kwa kupita juu ya daraja lililo mbele ya dirisha langu. Mfereji ulio kati yetu hata bata akiuvuka haoni kama amesafiri. Najua. Lakini bora nilipe stempu kuliko kukufungulia wewe mdomo, na tangu tumzike mume wangu Jannes, mwaka wa tatu huu, sijakufungulia.

Nakuarifu kuhusu daraja. Nusu ni yangu na nusu ni yako, kama walivyopatana babu zetu, kila mtu anatunza mbao zake mpaka kwenye ile nguzo ya katikati. Nusu yangu imeoza na sitaitengeneza. Siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, nitaikata kwa msumeno, mbao nitawashia moto. Ya kwako ibaki ikining'inia, utafute cha kuifanyia.

Unajua maana yake. Hapa kwetu jirani wa kwanza si wa kuchagua, ni yule unayemfikia kwa miguu mikavu. Yeye ndiye anayekuosha ukifa, anayesimamisha saa ya ukutani, anayepita nyumba kwa nyumba kutangaza msiba, anayeshika upondo wa mashua ya jeneza mpaka kanisani. Mimi ninalo daraja jingine la kwenda kwa Jentje, kwa hiyo Jentje na wanawe watakuwa majirani zangu wa kwanza. Wewe nyumba yako ndiyo ya mwisho, nyuma yako ni ziwa na matete. Daraja likiondoka huna jirani. Ukifa utatangazwa na kunguru.

Sababu unaijua, lakini wewe mtu wa ofisi unapenda mambo yaandikwe, haya, naandika. Maiti wetu huondoka miguu mbele, anaangalia anakokwenda. Mtoto mdogo anajua. Wewe uliyekagua mifereji ya bodi ya maji maisha yako yote, ulipofika chini ya daraja hili hili na jeneza la mume wangu, ukazungusha mashua ukampeleka kinyumenyume. Kichwa mbele, kama gunia la samadi. Njia nzima. Watu walisimama kwenye madaraja yao wameziba midomo kwa kofia. Harm muuza mikunga alicheka mpaka akajifuta machozi. Na mimi nimekaa kwenye mashua ya pili, nyuma yenu, nimevaa nyeusi, nasikia yote.

Sharti langu ni moja. Jumapili yoyote kabla ya Mtakatifu Martin simama mlangoni mwa kanisa, useme mbele ya watu: Nilikosea, nilimdhalilisha Jannes Mol. Ukisema, daraja litabaki. Usiposema, shauri yako.

Hilligje, mjane wa Jannes Mol


Muggenwiede, 6 Oktoba 1958

Bi Hilligje,

Barua yako imefika. Lubbert ameisoma njiani kama kawaida yake, hivyo kijiji kizima kimeipata kabla yangu, hongera.

Nimekagua madaraja ya wilaya hii tangu sijaota ndevu, na sijaona nusu daraja chafu kama lako. Usiusingizie msiba. Lilianza kuoza Jannes akiwa hai, kwa sababu kila akichukua nyundo ulimwita akakutengenezee banda la bata. Nusu yangu imepakwa lami kila mwaka. Mtu akisimama katikati anajua kabisa akishuka upande huu anaingia kwa mtu na akishuka upande ule anaingia zizini.

Kuhusu mlango wa kanisa, hapana. Sitasimama pale kama mwizi wa kuku ili Harm ajifute machozi kwa mara ya pili. Sikukosea. Nilisema siku ile kwamba ni upepo, basi iwe upepo. Mengine sina la kukuambia.

Kijiji kinaniita Wolter Kinyumenyume. Watoto wa Jentje wananipungia mikono wakiwa wamenipa mgongo. Nimevumilia hilo bila kumwandikia mtu yeyote barua. Jaribu na wewe kuvumilia kitu siku moja, uone kinavyofanana.

Kata mbao zako ukitaka. Mimi bado nadhani mtu mwenye akili zake hawezi kukata daraja analosimama juu yake, lakini nimewahi kukosea kuhusu akili zako.

W. Doze


Muggenwiede, 9 Oktoba 1958

Bwana Mkaguzi,

Upepo gani? Matete yalisimama wima kama walinzi wa benki. Moshi wa mabomba ya nyumba zote ulikuwa unapanda moja kwa moja. Hata uongo unakushinda, mtu mzima ovyo wewe, na mshahara wa serikali ulikula miaka yote hiyo.

Unajua kinachoniudhi? Si kwamba ulikosea. Wanaume wa hapa wamewahi kudondosha jeneza, wamewahi kulewa wakapitiliza kanisa, babu yake Jentje alizikwa kesho yake kwa sababu mashua ilikwama kwenye tope. Wote hao walivua kofia wakasema samahani, tukacheka, tukala mkate na siagi, yakaisha. Wewe unajiona huwezi kukosea. Umekaa huko upande wako na lami yako na kola yako iliyopigwa pasi, mtu hata wa kukufulia huna, halafu unanidharau mimi.

Na Jannes usimtie mdomoni. Unajitia ulimjua kwa sababu mlikuwa mkivua samaki pamoja, mmenyamaza kama magogo mawili. Mimi ndiye niliyemjua. Hakuwa mtu wa upuuzi. Mara moja tu, ndoa bado mbichi, aliniletea kofia imejaa mayungiyungi ya ziwani, maji yanamchuruzika mpaka kwenye viatu. Nikamuuliza, hayo ni ya kupika au ya kuwapa bata? Akaenda akawapa bata. Hakuleta tena, na tukaishi vizuri tu mpaka mwisho, kila mtu na kazi yake, hakuna wa kumlamba mwenzake miguu. Mtu wa heshima kama huyo ndiye uliyempitisha mbele ya watu kama kichekesho cha mnadani.

Jumapili zimebaki chache. Msumeno nimeupeleka kunolewa.

Hilligje Mol


Muggenwiede, 20 Oktoba 1958

Bi Hilligje,

Nilikaa siku kadhaa nikitafuta matusi mapya ya kukujibu, nikaona huyastahili, yale ya zamani yanakutosha.

Nakupa pendekezo la mtu mwenye akili. Nina mbao za mwaloni kavu kabisa. Nitatengeneza nusu yako kwa mkono wangu, nitaipaka lami, wewe utakaa ndani na kunisonya dirishani kama unavyopenda. Hutatoa kitu. Sitasema neno na wewe hutasema neno. Daraja litabaki, na chuki yako ibaki nayo, mimi sina neno na chuki yako, nimeizoea kama ninavyozoea mbu.

Lakini nitakuandikia jambo moja kwa vile hunioni uso. Hilo la kunguru lilinichoma. Unamkumbuka mzee Roelof aliyekuwa na kibanda kule ng'ambo ya ziwa? Hakuwa na daraja, hivyo hakuwa na jirani wa kwanza. Alikufa wakati wa barafu na wakata matete ndio waliomkuta, siku nyingi zimepita, na paka wake alikuwa na njaa. Hakuna aliyemwosha. Hakuna aliyetaja jina lake mlango kwa mlango. Nilikuwa na mkuu wangu wa kazi tulipokwenda kukifunga kile kibanda, na saa yake ukutani ilikuwa imesimama yenyewe kwa kukosa wa kuitia ufunguo. Mke wangu ametangulia, mtoto sikupata. Sitaki kufa kama Roelof. Naliogopa hilo, na sasa umeshajua, na bila shaka utafurahi.

Pamoja na yote hayo sitasimama mlangoni mwa kanisa. Hapo ndipo tulipofika. Jannes alikuwa rafiki yangu, na nikisema nilikosea nitakuwa nimesema uongo kwenye kizingiti cha kanisa, na wa upepo peke yake unanitosha.

Wolter Doze


Kwa Bi Hilligje Mol na Bwana Wolter Doze, nakala moja kwa kila mmoja

13 Novemba 1958

Mimi Lubbert, mpeleka barua, nawaandikia kwa mkono wangu kwa sababu nyinyi wawili ndio mmenizoesha kubeba makaratasi.

Juzi, siku ya Mtakatifu Martin, nilikuja na kijibarua cha bodi ya maji cha Bwana Doze nikakuta Bi Hilligje amevua koti, amepiga magoti kwenye daraja, anakata. Nikamwambia mama, umri huo. Akaniambia nishike ncha ya ubao au niondoke. Nikashika, kwa sababu ungemwangukia. Bwana Doze alikuwa amesimama upande wake, mikono nyuma, ametoa kiko lakini hajakiwasha. Alibaki hivyo mpaka ubao wa mwisho ulipotumbukia. Ndipo akavua kofia, akaivaa tena, akaingia ndani. Hiyo nusu yake inaning'inia hapo kama ulimi wa ng'ombe.

Sasa sikilizeni. Mimi nina baiskeli. Sina mashua na wala si bata. Barua za Bwana Doze nitaziacha kwa Jentje, azifuate mwenyewe kwa mashua yake. Na barua zenu nyinyi kwa nyinyi sizibebi tena. Watu wazima wawili, mnasikiana mkipiga chafya, mnalipa stempu ili mtukanane. Nimezisoma zote na nimechoka.

Lubbert


Ng'ambo yako, 2 Desemba 1958

Bi Hilligje,

Kwa kuwa posta imetususa, nakutumia hii kwa njia ya walinzi wa madaraja wa zamani, waliokuwa wakining'iniza kiatu cha mti kwenye fimbo ya kuvulia ili manahodha watumbukize ushuru. Kiatu ni cha marehemu mke wangu. Ukikiiba nitajua.

Nakushukuru kwa kunifungulia mandhari. Tangu daraja liondoke naona vizuri zaidi uchafu wa uwanja wako. Bata wako wamenenepa kuliko wewe, nadhani wanakula kwanza.

Jentje amenitangazia rasmi kwamba yeye sasa ndiye jirani yako wa kwanza. Alikuja na mashua mpaka kizingitini kwangu kuniambia, amevaa na tai. Nikamwombea kheri. Nikamwambia ajifunze kuziba masikio.

Nina kikohozi, lakini nawasikia watu wa mtaa wa mbele wakikohoa pia, kwa hiyo usijipe sifa.

W. Doze


Muggenwiede, 18 Januari 1959

Wolter Doze,

Fimbo ya kuvulia sina, kwa hiyo nimeifunga barua hii kwenye bonge la mboji kavu, hii hii tunayowashia moto, nikakurushia. Kama limevunja kitu, kilikuwa kibovu.

Usidhani nakuhurumia. Nakueleza nilichokiona. Barafu ya mwaka huu ni ya kishenzi, ni nene mno kwa mashua na nyembamba mno kwa mguu wa mtu. Jentje alijaribu kuja kwako juzi, akatumbukia mpaka kiunoni, wanawe wakamvuta. Mashua yako imeganda hapo hapo ilipofungwa. Moshi wako jana ulikuwa mwembamba kama wa sigara na leo asubuhi haupo. Mtu mwenye mboji ndani hakai bila moto siku kama hizi, isipokuwa awe bahili au awe mgonjwa, na wewe ni bahili lakini si mjinga kiasi hicho.

Kabla ya hili nimerusha mabonge mengine. Nimerusha hadi bega linauma. Mengine yameangukia barafuni, hayo yaache. Yaliyofika kwako yaokote, ukawashe. Sitaki kukaa dirishani naangalia bomba la nyumba lisilo na moshi, linanikera machoni.

Na ukiwasha, uniandikie mara moja. Nataka kujua tu kama naandikiana na mtu au na nyumba tupu.

Hilligje Mol


Ng'ambo, 20 Januari 1959

Hilligje,

Unarusha kama mlevi. Umevunja kioo cha jikoni. Lakini nimewasha.

Nimelala siku tatu, kifua kinawaka, na mboji ilikuwa kwenye banda la nje ambalo sikuweza kulifikia. Mabonge yako niliyaokota kwa kutambaa. Ulipaswa kuona, ungefurahi. Sasa nimeketi jikoni na blanketi kwenye kile kioo, na sijui kama nitaiona Jumapili. Kwa hiyo nitakuambia jambo, halafu utajua mwenyewe la kufanya nalo.

Wiki ile ya mwisho ya Jannes, ulikuwa umetoka kuwafungia bata. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake. Akanishika kwenye mkono wa koti, na unajua Jannes hakuwa mtu wa kushika watu. Akasema, "Wolter, unipeleke kinyumenyume."

Nikafikiri ni homa. Nikamwambia nitakupeleka kama watu wengine, ndugu yangu, tulia. Akasema hapana. Akasema, "Hilligje atakuwa mashua ya pili, nyuma yangu. Nikienda miguu mbele nitaona maji tu. Maji nimeyaona maisha yangu yote. Nataka nimwangalie yeye mpaka tufike."

Hivyo ndivyo alivyosema, sijaongeza neno. Akaniapisha nisikuambie. Nikaapa. Jentje na wanawe ndio waliopakia jeneza, na kama ningelipanga vile tangu mwanzo wangenikatalia mbele ya watu, kwa hiyo nilingoja mpaka chini ya daraja letu, nikazungusha. Nikawaambia ni upepo. Nilijua watacheka. Nilijua na wewe utanichukia, ila sikujua kwamba utanichukia kwa bidii hivi, ningejua pengine ningekataa.

Nimekaa na jina la Kinyumenyume miaka mitatu kwa ajili ya mtu aliyekuwa akivua na mimi bila kusema neno. Sijutii. Ila sasa nikifa nalo hutalijua kamwe, na jana usiku nimeona hilo ni dhambi kubwa kuliko kuvunja kiapo. Ukweli ni wako. Mimi nilikuwa nimeushika tu.

Wolter


Muggenwiede, 20 Januari 1959, jioni

Mwongo wewe.

Umelala na homa umeota, au umeona kifo kinakuja unataka nikulilie. Jannes hakuwahi kusema kitu kama hicho. Miaka yote ile hakuniambia hata siku moja kwamba nimependeza. Alikuwa akisema "supu nzuri", na hiyo ni Krismasi. Unamtungia maneno maiti asiyeweza kukujibu.

Na kama ni kweli, kwa nini akuambie wewe? Mimi nilikuwa nalala ubavuni kwake. Nilimgeuza, nilimnywesha uji kwa kijiko. Alikuwa na usiku na mchana wa kuniambia. Kwa nini akuapishe usiniambie? Nijibu hilo, na usinijibu kiofisi.

Mabonge mengine nimerusha mlangoni kwako. Safari hii nimelenga chini.

H.


Ng'ambo, 21 Januari 1959

Hilligje,

Nilimuuliza hilo hilo. Nilimwambia, mbona humwambii mwenyewe, yuko hapo nje.

Akasema, "Atanicheka."

Siwezi kuandika zaidi. Moto upo.

W.


Muggenwiede, 2 Februari 1959

Wolter,

Nakuandikia ingawa uko chumba cha nyuma na kati yetu ni ukuta wa mbao tu, nasikia unavyokoroma. Nitaiweka hii chini ya bakuli la supu ya njegere. Kuna mambo siwezi kukuambia nikikutazama, maana wewe ukinitazama unakunja pua na mimi nikiona umekunja pua nasahau nilichotaka kusema.

Daktari anasema umeshavuka. Hukumbuki ulivyofika hapa, ulikuwa ukiweweseka, unakagua madaraja kwa sauti na kuyatoza faini. Siku ile baada ya kusoma barua yako ya mwisho nilijua ukibaki peke yako hufiki Jumapili. Nikaenda zizini nikang'oa mlango, nikaulaza juu ya barafu, nikapita juu yake kwa tumbo kama chura, mwanamke wa umri wangu, na kijiji kizima kiko kwenye madaraja kinanitazama. Harm alikuwepo. Sikumsikia akicheka, na kama alicheka sikuwa na nafasi. Wana wa Jentje walinirushia kamba, tukakuburuta mpaka huku juu ya ule mlango. Wewe ni mzito kuliko unavyoonekana. Hayo ndiyo yaliyotokea, usimuulize Lubbert, ataongeza chumvi.

Sasa lile jingine.

Nilikuwa sikuamini mpaka uliponiandikia neno lile la Jannes. Hapo nikaamini, kwa sababu wewe usingeweza kulitunga. Huna akili hiyo. Lile ni lake. Namsikia kabisa anavyolisema, anaangalia ukutani.

Nimekasirika, Wolter. Nimekukasirikia wewe kwa kunyamaza miaka mitatu kama jiwe la kinu, nimemkasirikia yeye zaidi. Jumapili nilimwendea kaburini nikamgombeza mpaka mchungaji akatoka nje kuangalia kuna nini. Lakini unajua kinachoniuma kuliko vyote? Siku ile, ulipozungusha mashua na watu wakaanza kucheka, niliinamisha kichwa kwa aibu. Njia nzima mpaka kanisani niliangalia viatu vyangu. Naweza kukueleza kila uzi wa viatu vile. Yeye yuko mbele yangu ananitazama, ameomba jambo hilo moja tu, na mimi natazama viatu. Sikuinua uso hata mara moja. Hakuna anayeweza kunirudishia ile safari, si wewe, si mchungaji, si mtu.

Nimelia. Nakuandikia ili usijidai umenisikia ukutani na kuniuliza.

Haya, mambo ya kazi. Barafu ikiyeyuka utaleta ile mialoni yako uliyonitambia. Nusu yangu nitaijenga mwenyewe, wewe utakaa kitini na kunikosoa, najua huwezi kukaa bila hiyo. Jentje nimemwambia avue tai yake, ujirani umerudi kwa mwenyewe. Amefurahi sana, hakuweza hata kuficha.

Nikitangulia mimi, unipeleke miguu mbele kama watu. Aliye wangu yuko huko mbele, nataka nimwone tangu mbali, na safari hii sitaangalia viatu.

Ukitangulia wewe, nitakuosha, nitasimamisha saa yako, nitapita mlango kwa mlango nikitaja jina lako lote na si lile la Kinyumenyume. Wanasema mwanamke hashiki upondo wa msiba. Waseme. Nitaushika. Ila jambo lolote unalolitaka siku hiyo, hata liwe la kipuuzi kiasi gani, usimnong'oneze Jentje wala Lubbert wala mtu mwingine. Njoo uniambie mimi, kwa mdomo wako, nikiwa nimesimama mbele yako. Nitakucheka. Lakini nitalifanya.

Supu inapoa.

Jirani yako wa kwanza,
Hilligje